Mama, imla na simu niliyomchagulia

Mama alianza kunijibu "sawa".

Nikimwandikia shikamoo mama umeamkaje, sawa. Nimekutumia ya dawa angalia simu, sawa. Dogo kaitwa kwenye usaili tumuombee, sawa. Neno moja, herufi nne, basi.

Wiki ya kwanza nikasema labda bando limeisha. Wiki ya pili nikaanza kujikagua nimemkosea nini, maana kwa mama zetu wa Tanga ukimya una madaraja yake, kuna kunyamaza kwa kuchoka na kuna kunyamaza kwa kukusubiri ujijue mwenyewe. Nikampigia dada, dada naye akasema mbona kwake pia ni sawa sawa tu, na yeye alidhani mimi ndo nimemuudhi mama.

Wiki ya tatu nikiwa kwenye daladala ndo likanijia. Hizi sawa zilianza lini? Nikarudi juu kwenye meseji, nikahesabu siku.

Zilianza siku niliyompelekea iPhone.

## Mwalimu na mwanafunzi wake

Ili unielewe inabidi ujue mama anavyoandika. Ni mwalimu mstaafu, Kiswahili shule ya msingi, chaki miaka 34. Haandiki meseji, anaandika barua. Ukimtumia "xawa mama" anakurudishia imesahihishwa. Sasa viungo vya vidole vikaanza kumsumbua, anagusa herufi hii inatoka ile, akawa anaitupa simu kwenye kochi kwa hasira. Mpwa wangu ndiye aliyemwonyesha kale kamaiki kwenye kibodi ya Google, unakabonyeza, unaongea Kiswahili, simu inaandika.

Mama alifurahi kuliko siku mafao yalipoingia.

Kwa sababu kwake ile sio teknolojia, ni imla. Miaka 34 katembea katikati ya madawati akisoma sentensi polepole huku watoto wanaandika, na uzeeni kapata mwanafunzi mmoja ambaye hachoki wala hachungulii kwa mwenzake. Anakaa barazani, simu kaishika mbali kidogo, anaisomea. Na kama kwenye imla yoyote, alama za kuandika anazitamka. Simu nayo mwanafunzi mtiifu kupita kiasi, inaandika kila inachosikia, kwa hiyo meseji za mama zote zinakuja hivi:

"Mwanangu mkato hela nimeipata nukta Mungu akuzidishie mkato na wewe usilale na njaa nukta"

Tumemcheka sana. Dada ana skrinishoti za kutosha kufungua maonyesho. Mimi nimeshamwambia mara kumi, mama ukisema nukta inaandika neno nukta, haiweki kidoti, akanijibu kwamba imla bila nukta sio imla, simu ikikua itaelewa.

Mtu atauliza kwa nini asitume voisi noti kama kila mtu. Mama ni katibu wa kikoba chao, kikundi cha kuweka na kukopa, akina mama 26, na msimamo wake ni kwamba deni la mtu halitafutwi ndani ya sauti ya dakika tatu. Hisa, marejesho, mfuko wa jamii, vyote vinatakiwa maandishi, mjumbe akibisha unamwonyesha. Kila Jumamosi jioni anatoa taarifa kwenye grupu, ndefu, ya heshima, imejaa nukta.

Halafu mimi nikaja na akili zangu za Dar.

## Kilichonipeleka Kariakoo

Sikununua iPhone kwa sifa. Naomba hilo lieleweke, maana najua mnavyotufikiria.

Simu yake ya zamani ilikuwa Android ya bei ya kawaida. Siku moja kwenye grupu moja (sio la kikoba, la waliosoma pamoja sijui mwaka gani) ikapita linki, angalia kiwango chako cha mkopo. Mama akabonyeza, simu ikashusha faili, ikauliza maswali, akakubali yote. Kabla hajajua kaingiziwa elfu 30 ambayo hakuiomba, na baada ya siku saba anadaiwa elfu 52. Alipobisha ndo kimbembe kikaanza. Watu waliomo kwenye simu yake wakaanza kupokea meseji kwamba mwenye namba hii ni mdaiwa sugu mwambieni alipe. Mwenyekiti wa kikoba akapata. Imamu wa mtaani akapata. Mwanafunzi wake wa mwaka 1989 ambaye siku hizi ni mtu mkubwa serikalini, naye akapata.

Mama hakulia. Alikaa ndani siku nne. Kwa mtu ambaye maisha yake yote kaitwa "Mwalimu" sokoni, zile siku nne ni nyingi.

Na hakuwa peke yake. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya aplikesheni 69 za mikopo zilizokuwa zinafanya kazi bila leseni. Google wenyewe tangu 2023 walishapiga marufuku aplikesheni za mikopo kwenye duka lao kugusa majina ya watu na picha zako. Ila hiyo ni kwenye duka. Ya mama haikupita dukani, ilikuja kwa linki, faili la APK, yaani aplikesheni yenyewe ikiwa faili, na Android inakuruhusu kuingiza kitu kutoka popote ukishakubali onyo.

iPhone hairuhusu. Linki ya WhatsApp haiwezi kukuwekea aplikesheni kienyeji vile, meseji zako hakuna aplikesheni ya mkopo itakayozisoma, orodha ya uliowapigia haigusiki. Kwangu mjadala uliishia hapo. Mambo ya kamera na mambo ya hadhi sikuyafikiria kabisa, nilichofikiria ni yule imamu.

Kuna kisa cha 2022 kule Marekani, jamaa alisimama kwenye mkutano akamlalamikia Tim Cook, bosi wa Apple, kwamba video anazotumiana na mama yake hazifiki vizuri kwa sababu mama yuko Android, Cook akamwambia amnunulie mama yake iPhone. Watu wakacheka. Huku kwetu ile shida yenyewe haipo, sote tuko WhatsApp, habari za meseji zenye kiputo cha kijani (Android) na cha bluu (iPhone) tunazisikia kwenye video zao tu. Ila lile jibu mimi nilikuja kulitii bila hata kukusudia.

Mtaa wa Aggrey, Jumamosi, jua la saa saba. XR ya mtumba kutoka Dubai, laki tano na ishirini, betri helthi 84, Face ID inasoma, "bro hii haijafunguliwa na haina iCloud", yaani haijafungwa na akaunti ya mwenyewe wa zamani. Nikajaribu kila kitu ninachokijua kujaribu. Rangi ilibaki ile ya machungwa iliyopauka, mama alipoiona alisema simu gani hii rangi ya kamba aliyechemshwa.

WhatsApp yake niliihamisha yote, tangu 2022 inawezekana kutoka Android kwenda iPhone bila kupoteza meseji, nikaona fahari kabisa. Laini yake ya pili ikakosa pa kukaa kwa sababu XR hii ina nafasi ya laini moja na nyingine inataka eSIM, yaani laini isiyo na kadi, nikamwambia hiyo weka kwenye kitochi. Akasema sawa.

Ile ndo ilikuwa sawa ya kwanza. Sikuisikia.

## Mtoto wa jirani

Nikapanda basi Mbezi alfajiri, Chalinze, Segera, saa saba niko nyumbani. Sikuaga kwamba nakuja.

Nilichokikuta barazani sijakisahau mpaka leo na ndo sababu naandika. Mama kakaa kwenye kiti chake cha kamba, daftari la kikoba limefunguliwa mapajani. Pembeni yake, juu ya mkeka, mtoto wa jirani wa darasa la sita, kaishika ile iPhone kwa mikono miwili. Mama anasoma polepole, mtoto anaandika.

"Ndugu wajumbe, mkato, marejesho ya wiki hii..."

Halafu majina. Mama fulani hajarejesha wiki mbili, deni lake kiasi hiki. Mama fulani, huyu ni mama mzazi wa rafiki yake huyohuyo mtoto, anadaiwa kiasi hiki na kaomba aongezewe muda kwa sababu mumewe kasimamishwa kazi.

Mtoto anaandika tu.

Nilisimama pale kwenye geti na begi langu. Mimi niliyetoa laki tano na ishirini ili siri za mama zisitoke nje, namwangalia mtoto wa miaka 12 akiandika madeni ya mtaa mzima.

Jioni nikamuuliza mama mbona hukuniambia. Akawa anachambua mchele, hakuniangalia. "Umenunua kwa hela nyingi baba. Mtu akikuletea kiatu kutoka mbali humwambii kinabana, unakivaa kwanza uone kama kitaachia." Akanyamaza. Kisha akasema, "Ila hii simu yako haijasoma Kiswahili. Haikupita kwangu."

## Kamaiki kamoja

Usiku ule sikulala, nilikaa na ile simu kama fundi.

Kitu cha kwanza nilichogundua ni kwamba mama yuko sahihi neno kwa neno. iPhone ina kibodi ya Kiswahili, unaandika kwa vidole vizuri tu. Ila menyu za simu yenyewe hazina Kiswahili, Siri, yule msaidizi wa sauti wa Apple, hajui Kiswahili, na ile maiki ya kuongea ikaandika haina Kiswahili. Nikaiweka Kiingereza nikaijaribu kwa sentensi ya mama, ikaandika Kiingereza cha mlevi aliyeamshwa.

Nikasema haina shida, naweka kibodi ya Google humohumo kwenye iPhone, kwani si ipo. Ipo. Ila hapa ndo nilipojifunza kitu ambacho sikukijua miaka yote ninayojifanya mjuaji wa simu. Apple hawaruhusu kibodi ya mtu mwingine iguse maiki. Ni kanuni yao, ya usalama, kibodi isije ikakusikiliza kisirisiri. Kwa hiyo ukibonyeza ile maiki, kibodi inabidi ikutoe WhatsApp, ikupeleke kwenye aplikesheni yake ya Google, usemee huko, kisha urudi ulikotoka. Nikamwonyesha mama asubuhi. Alijaribu mara tatu, mara ya tatu akapotelea kwenye picha, na XR haina kitufe cha kurudi, unafagia kwa kidole kutoka chini.

"Mbona inanitoa sebuleni inanipeleka uani," akasema, akanirudishia.

Google waliingiza Kiswahili kwenye kuandika kwa sauti Agosti 2017, pamoja na Kiamhari na lugha nyingine, 30 kwa mpigo. Ukiingia kwenye setingi utakuta Kiswahili cha Kenya na cha Tanzania vimetengwa, mama alichagua cha Tanzania bila kufikiria mara mbili na akauliza cha Tanga kiko wapi.

Sasa usije ukadhani nawasifia. Google hawakufanya vile kwa kutupenda. Android wanawapa watengeneza simu, hela yao inatoka kwenye matangazo, kila mtu anayeongea na simu kwa lugha yoyote ni mteja hata kama simu yake ni ya laki moja. Apple wanauza simu yenyewe, wanamwangalia anayenunua mpya dukani, na sisi wengi wetu tunakutana na simu zao mkono wa tatu pale Aggrey. Wote wawili wanapiga hesabu. Hesabu ya mmoja ikatokea imempitia mama yangu, ya mwingine haikumpitia.

Na kuna kitu kinanikera humo. Sauti ya mama ikisoma madeni ya akina mama 26 inakwenda wapi? Inapanda kwenye kompyuta za Google. Kwenye simu yake bando likikata hiyo imla haiandikiki, maana yake kazi haifanyiki mkononi mwake. Nikajikuta nauliza swali ambalo bado linanitafuna, bora madeni ayasikie mtoto wa jirani anayewajua wote, au kampuni iliyoko ng'ambo isiyomjua hata mmoja? Mama nilipomuuliza hakusita. Kampuni haiendi kisimani, alisema.

Mimi sijaridhika na jibu lake. Ila kikoba ni chake.

## Mlango uleule

Siku nzima ile nikawa nazunguka na wazo moja.

Kinachoifanya Android ikubali faili la wahuni kutoka kwenye linki, na kinachoifanya ikubali kibodi yoyote ishike maiki palepale ulipo, ni tabia ileile. Ni nyumba ambayo mlango uko wazi ukishasema karibu. Aliingia mwizi, na mlango uleule ndo Kiswahili kiliingia. iPhone imefunga, mwizi kabaki nje, na mama naye kabaki nje akiongea peke yake.

Unachagua nini hapo?

Nilikuwa mtu wa majibu ya haraka kwenye huu ubishi. Ofisini ukinikuta nabishana iPhone na Android utafikiri nalipwa. Ila ubishi wetu wote unahusu mtu mmoja, mimi, kamera yangu, betri yangu, nitaonekanaje nikiiweka mezani. Hatujawahi kubishana kuhusu mtu mwenye vidole vinavyouma anayesoma imla.

Halafu hao wenyewe wanasogeleana. Ulaya imewalazimisha Apple kuruhusu maduka mengine ya aplikesheni tangu Machi 2024, kule kwao, sio huku. Google nao Agosti 2025 wakatangaza wataanza kudai kila mtengeneza aplikesheni ajitambulishe, hata zile zinazopita nje ya duka, wakianza na nchi nne 2026. Mmoja analegeza kufuli, mwingine anaweka mlinzi getini.

## Waliotutangulia

Nikumbushe kidogo kwamba mimi kwenye kuchagua mfumo sina rekodi nzuri.

2013 nilinunua Lumia ya Nokia. Windows Phone, mfumo wa Microsoft. Nilikuwa nawaambia watu Android ni takataka, iPhone ni ushamba, huu ndo mfumo. Mwaka uliofuata Microsoft wakakamilisha kuinunua biashara ya simu za Nokia, na 2015 wakafuta dola bilioni 7.6 kwenye vitabu vyao, kwa lugha ya kikoba walikubali ile hela hairudi. Desemba 31, 2019 WhatsApp ikaacha kufanya kazi kwenye Windows Phone.

Ukitaka kujua mfumo umekufa lini huku kwetu usiangalie matangazo ya kampuni, angalia WhatsApp kaondoka lini. Symbian ya Nokia, Juni 2017. BlackBerry, mwisho wa mwaka huohuo. Hata KaiOS ya kwenye vile vitochi janja, ambavyo 2019 tuliona vimekuja kuwakomboa akina mama zetu, WhatsApp ilitoka kwenye duka lake 2024.

Na wote hao hakuna aliyeweza kuigusa M-Pesa ya namba. Nyota 150 nyota 00 reli inafanya kazi kwenye kitochi cha elfu 25 na kwenye simu ya milioni tatu, haiulizi una mfumo gani. Hilo nalo huwa nalifikiria.

## Mama dukani

Jumatatu tukaenda Ngamiani, kwenye zile barabara zenye namba. Niliamua safari hii sisemi kitu, nimeshika pochi tu.

Dogo wa dukani akaanza, mama hii ina megapikseli, hii ina RAM. Mama akamwambia weka chini hizo habari, washa simu, uiunge na intaneti, na iseme Kiswahili.

Dogo akacheka. "Mama, simu nzima?"

"Nzima."

Akaizungusha kwenye setingi, lugha, Kiswahili (Tanzania). Nikaona maneno yanageuka, Mipangilio, Ruhusa, Rudi, Sawa, Ghairi. Mama akasogeza miwani. "Ghairi," akasoma kwa sauti. "Unaona? Nimefundisha hili neno miaka yote, watoto wanasema mwalimu hakuna mtu anasema ghairi siku hizi. Kumbe liko hapa linafanya kazi."

Na hapo ndo nikapigwa na kitu kifuani.

Ile simu yake ya zamani mimi ndiye niliyeiwasha siku ya kwanza. Niliiweka Kiingereza. Sikufikiria hata sekunde, nani anatumia simu kwa Kiswahili bana, yale maneno yao magumu tunayacheka. Kibodi ya Kiswahili aliwekewa na mpwa baadaye, lakini simu yenyewe ilibaki Kiingereza. Kwa hiyo siku ile linki ilipokuja na Android ikatoa onyo, kwamba hii faili imetoka sehemu isiyojulikana una uhakika, lile onyo lilikuja kwa Kiingereza. Mlango ulikuwa na tangazo kubwa, ila mimi ndo nilikuwa nimeligeuza lugha. Mama aliona sanduku lenye maneno na vitufe viwili, akabonyeza kile kilichoondoa sanduku.

Miezi yote nimeilaumu Android. Nimetembea Kariakoo juani.

Sikumwambia mama pale dukani. Bado sijamwambia, labda akisoma hapa.

Kilichofuata ni mtihani. Mama alizipanga simu nne kwenye kioo cha kaunta na kila moja akaisomea imla ileile: "Akina mama wa kikoba, mkato, hamjambo? Alama ya kuuliza. Leo ni siku ya marejesho, nukta." Watu wawili waliokuja kununua kava wakasimama kuangalia. Simu zote nne ziliandika, na zote nne ziliandika mkato kwa maneno, mama akatikisa kichwa kama mtu aliyezoea darasa la namna hiyo. Moja iliandika "kikombe" badala ya kikoba, ikatolewa. Nyingine herufi zake ndogo. Akabaki na mbili, akachagua Samsung A16 kwa sababu spika yake inasikika barazani na laini zake mbili zinaingia zote. Mimi kimoyomoyo nilikuwa nimeshasoma kwamba hiyo wameahidi kuipa apdeti miaka 6, wakati ile XR ya 2018 Apple walishaiacha kwenye mfumo mpya wa 2025. Nikafunga mdomo.

Nyumbani nilikaa naye saa nzima. Nikazima ruhusa ya kuingiza aplikesheni kutoka nje kwa WhatsApp na kivinjari, nikamwonyesha onyo linavyokuwa, akalisoma mwenyewe mara mbili. Akauliza maswali ya kimwalimu, yaani ya kunichosha.

XR amechukua dogo wetu, yule wa usaili. Anasema rangi ya kamba ndo inayotrendi.

## Jumanne iliyopita

Sina hakika nimefanya sawa. Kuna usiku naamka nafikiria linki zinazozunguka kwenye yale magrupu, na kwamba kufuli nililoliona Kariakoo lilikuwa kufuli la kweli na mimi nimelitoa kwa mkono wangu. Kuna jamaa ofisini kaniambia wazi, umemrudisha mama kwa fisi kwa sababu ya kamaiki. Sikuwa na la kumjibu, nikamwonyesha simu yangu, meseji za kabla na za baada. Akasoma sana, akanirudishia, akaenda kunywa chai.

Jumanne iliyopita niko kwenye foleni Ubungo, simu ikalia. Mama kanitumia skrinishoti. Ni lilelile sanduku la onyo, la Kiswahili, na chini yake vitufe viwili. Chini ya picha kaandika:

"Mwanangu mkato imekuja ile linki nyingine ya mkopo kwenye grupu letu la zamani nukta nimeibonyeza nione wanasemaje nukta"

Moyo ulisimama. Nikaanza kuandika mama usiguse kitu chochote, vidole vinatetemeka, nafuta, naandika. Kabla sijatuma ikaingia nyingine.

"Nimeghairi nukta"